Pete Isiyo na Nikeli

Mchana kibanda cha soseji pale mjini Providence, Marekani, hakipitiki: wafanyakazi wa viwanda vya mapambo hujaa hadi barabarani na aproni zao. Odete Arruda, blauzi ya manjano, nywele ndani ya kitambaa, alimwona kijana wa mbele yake akiinua soseji kwa vidole vya kijani. Akaipiga kibao, ikaanguka.

"Dada, una wazimu?"

"Wazimu unao wewe. Hiyo kijani ni dawa ya nikeli, sumu hiyo. Kwenu hamnawi kabla ya kula?"

"Sasa nitakula nini?"

"Yangu. Kanawe kwanza, urudi nikukague."

Kijana huyo, Carmine Iafrate, akacheka. Alikuwa fundi wa kuchovya vito dhahabu kama yeye, ila kiwanda cha ng'ambo ya mto. Walikula soseji moja wakitaniana. Carmine alijigamba kwamba Muitaliano ndiye wa kwanza kuchovya dhahabu kwa umeme, huko nyuma mwaka 1805.

"Na Mreno ndiye anayekunawisha leo," Odete akamjibu. Akamweleza kwamba yeye huchovya dhahabu tu. Nikeli ikimgusa huwashwa hadi malengelenge.

Mwezi wa tano Carmine alimvisha pete. Aliikata mwenyewe kutoka sufuria ya shaba ya marehemu bibi yake, akaichovya dhahabu. Odete alilia kwa furaha. Harusi ikapangwa Septemba.

Agosti pete ikafifia, wekundu wa shaba ukajitokeza. Kila fundi anajua kwamba shaba huipenya dhahabu polepole, ndiyo maana katikati huwekwa nikeli iizuie. Anayeiruka ni mvivu. Odete akapiga simu.

"Carmine, uliweka nikeli kwenye pete yangu?"

"Hapana, kipenzi, lakini—"

"Basi. Anayeruka nikeli ataruka na mengine!"

Akakata. Carmine alipiga mara nne, mara nne akakatiwa.

Asubuhi yake Odete aliivua pete ili airudishe. Kidole kilikuwa na alama ya kijani ya shaba, lakini hakikuwa na upele hata mmoja. Pete za dukani humwasha siku hiyo hiyo. Hii ameivaa miezi mitatu. Aibu ikamshika. Akaikimbilia simu.

"Uliiruka kwa ajili yangu?"

"Ulitaka nikuvishe upele?"

"Si ungesema!"

"Nimwambie nani, waya wa simu?"

"Kuna paladi, mjinga we! Inazuia shaba na haiwashi."

"Kwetu haipo, mama."

"Kwetu ipo. Njoo Jumamosi. Na uje umenawa."

Jumamosi, kwa ruhusa ya msimamizi wa kiwanda cha Odete, waliisugua pete, wakaisafisha kwa asidi, wakaivika paladi. Kabla ya dhahabu Carmine akaisuuza mara moja.

"Tena," Odete akasema. "Na tena. Humu kwenye maji ya dhahabu mna sayanidi. Ikikutana na asidi inatoa hewa ya kuua, watatuzika kabla ya kutuoza."

"Najua, laazizi." Akaisuuza tena mara mbili.

Pete ikashuka ndani ya dhahabu, ikining'inia kwenye waya. Umeme ukawashwa.

"Mikufu ya dukani hukaa nusu dakika," alisema Carmine, mkono kwenye swichi. "Nizime?"

Odete aliitazama saa ya ukutani, kisha akamtazama yeye. Alimpenda mno, na nusura ampoteze kwa kutomsikiliza.

"Iache, dhahabu inenepe," akasema. "Hiyo nitazikwa nayo."