Unywele Kwenye Tabo

Unywele ulikuwa umejizungusha kwenye mhimili wa tabo, ile feni inayosukuma hewa kwenye injini, mara saba. Gulranga aliihesabu mizunguko yake kwa sababu alikuwa mtu wa kuhesabu. Ulikuwa mrefu kuliko mkono wake, mwekundu wa hina, umelowa oili, na haukuwa na hata alama ya kuungua.

"Tabo si huwa inawaka kama kaa la moto?" alimuuliza mumewe. "Huu umeponaje humu?"

Amirzeb hakuinua kichwa. "Labda ni wa aliyeifungasha huko Japani."

"Wajapani nao wanapaka hina?"

"Bibie, niletee petroli."

Nywele za Gulranga zilikuwa nyeusi. Aliuvuta ule unywele polepole, akaukunja, akaufungia kwenye pindo la shela yake.

Injini yenyewe ilikuwa imenunuliwa kwenye soko la chuma chakavu pale Mingora, ikashushwa na wanaume sita hadi hujra, chumba cha wageni wa kiume, juu ya shuka alilokuja nalo Gulranga kwenye arusi yake. Hakulalamika. Injini ilikuwa kwa ajili yake. Mwaka wa pili sasa hajamwona mama yake huko Chitral, na Amirzeb alikuwa ameapa: gari lao likipata injini hii, Idi watakula huko, na mlima wa Lowari wataupanda bila kuhema. Kwa hiyo yeye ndiye aliyeandika namba. Kila kipande kilichofunguliwa alikibandikia karatasi. Kila bolti aliichomeka kwenye boksi lililotobolewa kwa mpangilio wa silinda hedi.

"Kofia ya konrodi ya tatu, huu mkono wa pistoni, irudi kwenye konrodi ya tatu," Amirzeb alimfundisha. "Zimesuguana miaka mingi, zimezoeana. Ukizichanganya, injini itagonga mpaka ife."

Hizo zilikuwa siku nzuri. Zilikuwa tisa.

Baada ya hapo Amirzeb alianza kula hukohuko hujra. Pistoni alizipangusa kwa kitambaa laini, taratibu, kama mtu anayempangusa mtoto uso.

"Weye," mama mkwe wake, Abai, alimchokoza Gulranga jikoni, "mke mwenzio anaogeshwa mara tatu kwa siku. Wewe zamu yako lini?"

"Abai, jamani! Aibu."

"Aibu ya nini? Baba wa mumeo alinioa mimi na nyati kwa mwezi mmoja, na akimpenda nyati zaidi. Ila nyati alikuwa anatoa maziwa."

Walicheka.

Mchana mmoja, jua likiwa utosini, alikuwa juu ya paa akianika aprikoti aliposikia mluzi. Aliujua: ni mluzi wa tabo ikivuta pumzi, unaanzia chini na kupanda, kupanda. Lakini tabo ilikuwa kwenye sinia, imefumuliwa, kipande namba kumi na nne mpaka kumi na saba. Harufu ya hina mbichi ilimfikia kabla hajamaliza ngazi. Alisukuma mlango wa hujra. Amirzeb alikuwa amelala kifudifudi, sikio juu ya chuma, macho kafumba, anatabasamu, na kwenye sinia ile feni ya tabo ilikuwa inazunguka yenyewe, polepole, katika chumba kisicho na upepo.

"Unaongea na nani?" alinong'ona.

"Siongei. Nasikiliza."

Kilichomchoma kwanza hakikuwa hofu. Kilikuwa lile tabasamu. Miaka miwili ya ndoa, na hajawahi kupewa lile.

Kwao Chitral wanawake husema: anachokipenda mumeo kifunge kwa unywele wako, moyo utafuata. Alipokuwa msomi wa chuo Peshawar alikuwa akiyacheka maneno hayo. Jioni ile, Amirzeb alipokwenda msikitini, aling'oa unywele wake mmoja mweusi na kuuzungusha kwenye mhimili wa tabo, mara saba, palepale ulipokuwa ule mwingine. Ule mwekundu aliutupa kwenye tanuri la mikate. Haukuungua. Ulijinyoosha juu ya makaa, ukazama kwenye majivu. Mikate ya usiku huo ilinuka hina. Amirzeb peke yake ndiye aliyeila, na alikula minne.

Injini ilianza kufungwa, na jinsi ilivyozidi kukamilika ndivyo Amirzeb alivyozidi kukonda. Gulranga akifua shati lake alikuta mgongoni alama ya kiganja chekundu, kidogo, chenye vidole virefu. Alikisugua kwa sabuni, kwa chumvi, kwa majivu, na hakikutoka. Siku ya arobaini mlango wa hujra ulifungwa kwa ndani mchana kweupe, na waliokuwa wakizungumza humo walikuwa wawili.

Abai hakutania tena. Alimwita Mulla Badshah Gul.

Mulla huyo alikuwa ameendesha lori miaka ishirini kabla ya kushika juzuu. Alichomoa kijiti cha kupimia oili, akakinusa, akakirudisha kwa adabu.

"Jini mahaba," alisema kwa sauti ya chini. "Mwanamke, na mwenye wivu. Malizieni kufunga, muitie kwenye gari. Mimi nitasoma ikiwa inaunguruma, naye atatokea kwenye ekzosi. Ila sikilizeni. Jini akifukuzwa huondoka na kilicho chake. Asipokikuta, na badala yake akakuta cha mtu mwingine, hukichukua hicho pamoja na mwenyewe."

Siku ya kuwasha, Mulla aliuliza mara ya mwisho: "Kila kilichotoka kimerudi? Hamkutoa, hamkuongeza?"

"Vipande mia mbili na kumi na tatu," alisema Amirzeb, ameegemea ukuta, midomo imepauka. "Vyote."

Mulla akamgeukia Gulranga. "Na wewe, binti yangu?"

Angesema habari ya zile nywele mbili, tabo ingefunguliwa upya. Kufungua na kufunga ni siku mbili. Siku mbili zaidi za mumewe chumbani na yule.

"Hakuna kitu, Mulla Sahib."

Injini ikawaka kwa mkupuo mmoja, Mulla akainua sauti, na mluzi ukaanza kupanda, ukaupita usomaji, ukaipita sauti ya Abai aliyekuwa akilia, harufu ya hina ikajaa ua mzima mpaka kuku wakakimbilia chini ya kitanda cha kamba, moshi mwekundu ukamwagika kwenye ekzosi na kugeuka, ukakosa njia, ukarudi ukitambaa chini kama unaotafuta kitu kilichopotea, na Gulranga, aliyesimama mlangoni, akahisi kichwani pake unywele mmoja ukivutwa, kidogo tu, kama fundi cherehani anavyojaribu uzi kabla ya kushona.

Kisha mluzi ukakatika. Injini ilinguruma vizuri, kama injini.

"Gulranga," Amirzeb aliita. Hakuwa amelitaja jina hilo kwa zaidi ya mwezi. "Kuna mkate?"

Abai alimkumbatia mkwewe, wakalia wote wawili.

Idi walikula Chitral. Lowari waliupanda bila kuhema, Amirzeb akipiga hadithi njia nzima, akimlisha mkewe aprikoti kwa mkono wake mwenyewe. Mama yake Gulranga alimkalisha binti mbele ya magoti yake amsuke, kama zamani.

"Siku hizi unapaka hina, mwanangu?"

"Sipaki, mama."

Kitana kikasimama. "Basi huu mmoja umetoka wapi?"

Adhuhuri Amirzeb alimkuta amejilaza chumbani. Alijinyoosha kando yake, akalaza sikio juu ya kifua chake, akafumba macho. Likaja tabasamu, lile lile la hujra, pana, lililotulia. Hatimaye alikuwa amepewa.

"Mume wangu," alinong'ona. "Unafanya nini?"

"Nasikiliza."

Chini ya mbavu zake kitu kilianza kuvuta pumzi, kikaanzia chini, kikapanda, kikapanda. Gulranga alikitazama kile kichwa alichokitamani juu ya kifua chake, hakuthubutu kukiondoa, na kabla ya hofu kumfikia, alimwonea wivu yule mwanamke wa ndani yake aliyekuwa anasikilizwa.