Anaonja Tu

Dada yangu Hidaya ni mwalimu wa malezi, yule ambaye mtoto akipata shida ndiye anamkimbilia, katika shule moja ya msingi juu ya Matombo. Jina la shule nalimeza. Jumamosi ile nilimpelekea godoro. Bodaboda ilinipandisha kwenye barabara yenye mashimo ya kufugia kambale, na kila shimo nilisalimiana nalo kwa makalio. Jua zuri, migomba imejipanga mteremkoni, mdalasini umeanikwa kwenye mikeka. Siku ya kawaida kabisa.

Darasa la saba walikuwa kambini. Mtihani ukikaribia, watoto wanahamia shuleni, wanalala madarasani miezi mizima, wazazi wanaleta mahindi na maharage. Shule ile ilikuwa ya kwanza katika kata miaka minne mfululizo, na mwalimu mkuu, Gervas, alinieleza hilo kabla hata hajaitikia salamu yangu.

Nilimwigizia Hidaya jinsi Gervas anavyotembea, tumbo mbele, miguu inafuata baadaye. Hakucheka. Alinionyesha binti aliyekaa peke yake kwenye ngazi, sahani ya makande haijaguswa. Mwanahawa, miaka kumi na tatu. Hali chakula, haongei, shingo imebaki kama mpini wa mwiko. Hidaya alisema wiki moja zaidi pale na mtoto huyu tutamzika. Hidaya alikuwa ameomba mara tatu mtoto arudishwe kwao, Gervas akakataa, kwa kuwa ndiye anayeongoza darasa.

Nikamchutamia. "Shikamoo mjomba," akanong'ona. Nikamtania kwamba makande yakimshinda, mimi nimekuja na tumbo la akiba. Hakutabasamu. Alivuta miguu ndani ya sketi, lakini nyayo nilishaziona.

Hazikuwa na mistari. Mtoto wa mlimani, anayetembea peku tangu asimame, ana nyayo nyeupe, zimechujuka kama vidole vya mfua nguo. Nzi walikuwa wanazifuata ndani ya sketi.

Ukutani palikuwa na sanduku la maoni, la watoto kuandika yanayowasibu bila kutaja majina. Ufunguo alikaa nao Gervas, alisema ndio utaratibu. Saa saba mchana, Gervas akiwa mezani anakula, Hidaya aliokota jiwe akavunja kufuli.

Harufu ilitoka kwanza. Mate. Midomo isiyopigwa mswaki naijua, nimewahi kulala chumba kimoja na wapiga ngoma sita. Hii ilikuwa nyingine. Mate ya mtu aliyelala na njaa siku nyingi. Barua zilikuwa zimenatana, kingo zimelika, zimelowa hadi ya chini kabisa, na mvua ilikuwa haijanyesha wiki tatu. Hidaya alizibandua kwa kucha. Miandiko tofauti. Maneno yale yale.

Mwalimu, kuna bibi anatulamba miguu.

Moja ilikuwa na tarehe ya miaka minne nyuma.



Gervas alitukuta pale. Hakushtuka, na hilo lilinichefua kuliko mate. Alijifuta mafuta mdomoni kwa leso, akatueleza taratibu kama anayesoma matangazo: wazazi wenyewe walikaa kikao wakakubali shule izindikwe. Bibi aliyekuja kuizindika hakutaka kuku wala mbuzi. Alitaka watoto walale kambini, peku, miguu ielekee mlangoni. Hidaya naye alikuwa kwenye kikao kile. Aliinua mkono pamoja na wenzake, akidhani ni mambo ya kunyunyiza unga na kusoma dua, yaishe.

"Hawaumizi, Mwalimu Hidaya," Gervas akasema, sauti ya chini. "Anaonja tu."

"Na huyu?"

"Huyu amempenda."

Dada yangu alizitia barua kwenye mfuko, akambeba Mwanahawa mgongoni kama mtoto wa kunyonya, akatoka getini. Mimi nikafuata. Nilitazama nyuma mara moja. Gervas alikuwa ameinama kwenye sanduku, anafunga kufuli jipya.

Kwangu Kihonda, huku mjini, mtoto alikula. Sahani mbili za wali, akaomba ya tatu. Nikajidondoshea kijiko makusudi, akacheka. Hidaya alimlaza upande wa ukutani, akamvisha soksi zangu, mbili kila mguu. Yeye akatandika mkeka kizingitini, akalala peku, nyayo zake zimeelekea nje. Nikamsihi ajifunike.

"Akija anikute mimi kwanza," akasema. "Mkono niliuinua mwenyewe."

Jumatatu barua zilifika kwa ofisa ustawi wa jamii. Kambi ikavunjwa, kila mzazi akamfuata wake. Mwanahawa anasoma hapa mjini siku hizi, amenenepa, na mdomo wake umeushinda wangu.

Ila Jumapili ile asubuhi nilimkuta Hidaya uani, anajisugua miguu kwa brashi ya kufulia. Kipande kizima cha sabuni kilikuwa kimekwisha. Dada yangu ana miaka arobaini na tatu, na magaga yake yalikuwa ya kukwangulia ukoko wa ugali. Aliinua mguu mmoja nione.

Kisigino cha mtoto wa siku moja.

Nilikwenda kuukunja ule mkeka. Upande wa miguu ulikuwa umelowa. Na bado una vuguvugu.