Mke Mwenza wa Kwenye Utepe

Ndila alijua mambo yameharibika siku mumewe aliponyoa ndevu kabla ya kuwasha mashine ya kurekodi.

Mulei alikuwa afisa wa utamaduni mjini Kitui, mwaka wa sabini na sita, na kwa kawaida hakunyoa hata akija mkuu wa wilaya. Sasa alitoka ofisini, akaoga, akavaa shati jeupe na kujifungia sebuleni na utepe mmoja.

Kisa kilianza na barua ya Nairobi. Wizara ilitaka kujua wimbo wa Syombua ulizaliwa wapi na lini, kana kwamba wimbo ulikuwa umeomba kitambulisho. Mulei akazunguka. Watu wa Kitui walimwambia umetoka Makueni; wa Makueni wakaapa umetoka Kitui. Huko Nunguni alipata santuri ya kwanza kabisa ya wimbo huo: wanaume watatu na magitaa, na nyuma yao mwanamke akiitikia. Mpiga gitaa mmoja aliyekuwa bado hai alimhakikishia kwamba siku ile hawakuwa na mwanamke. Mwishowe, huko Tawa, bibi mmoja aitwaye Kalunde, mpigaji wa kilumi, ngoma ya kuwaita pepo, alikubali kumwimbia baada ya kukataa sana. Mulei aliporudi nyumbani na kuusikiliza utepe, sauti ya Kalunde haikuwemo. Aliyeimba ni yule wa kwenye santuri.

Ndila alisema pengine mashine ni mbovu. Mulei akajibu kwamba mashine ya serikali haiwi mbovu mpaka kamati ikae.

Haikuwa hata sauti nzuri, na hilo ndilo lililomuuma Ndila, kiongozi wa kwaya kanisani. Ilikuwa na mkwaruzo. Lakini iliimba kama inayomwambia mtu mmoja tu, na Mulei, ambaye hakuwahi kumaliza mahubiri bila kusinzia, aliisikiliza ameinama kama anayenong'onezwa. Kisha nyumba ikaanza kunuka mafuta ya mbono, yale waliyojipaka wanawake wa zamani: kwenye pazia, kwenye mto, kwenye kola ya shati jeupe. Ndila aliinusa ile kola, akaona aibu. Kuuonea utepe wivu.

Jumamosi alasiri alimsikia mumewe akicheka. Akasukuma mlango. Mwanamke aliimba ubeti, akanyamaza. Mulei akanong'ona neno. Naye, kule ndani ya mashine, akacheka.

"Betri umepata wapi?" Ndila aliuliza kwa sauti ya chini. "Si ulisema zimekwisha?"

"Zimekwisha," Mulei alisema bila kugeuka. "Ombi liko Nairobi, linangoja sahihi. Funga mlango, Mama Jonah. Tunaongea."

Kesho yake, badala ya kwenda kanisani, Ndila alikwenda Tawa. Kalunde hakushangaa. Alimweleza kwamba watu wa pwani wangemwita Syombua, mwenye sauti ile, jini; yeye alimwita mke. Mumewe alileta mwanamke mwingine, naye Syombua akaketi nyumbani akimwimbia mpaka akafa, wimbo haujaisha. Tangu hapo anayeuanzisha lazima aufikishe mwisho, ili Syombua naye amalize na kuaga. Mulei alikuwa amezima mashine katikati, kwa sababu maagizo ya ofisi yalisema wimbo mmoja usizidi dakika tatu za utepe.

"Nitakuja na ngoma," Kalunde alisema. "Mumeo atamsikiliza mpaka mwisho. Nawe utakaa hapo, usitie neno."

"Amsikilize mbele yangu, susu?" Ndila aliuliza, akimwita nyanya kwa Kikamba.

"Mbele yako, mwana wakwa. Ni mara moja tu."

Jioni hiyo ngoma ikapigwa sebuleni, na mashine ikajiwasha yenyewe. Syombua aliimba kutoka pale alipokatwa, na kila ubeti harufu ya mbono ilizidi mpaka ikawa kama mtu wa nne amebanwa kati yao, ingawa walikuwa watatu tu chumbani, na taa ikafifia, na Mulei akaanza kulia machozi ambayo hakuyatoa hata siku ya kumzika mamake, akaweka kiganja juu ya mashine polepole, kama alivyokuwa akikiweka zamani, kabla ya watoto na kabla ya cheo, juu ya shingo ya Ndila.

Ubeti ulibaki mmoja. Ndila hakuweza. Aliruka, akabonyeza kitufe chekundu cha kurekodi, akaimba wimbo wa kanisa kwa kifua chake chote, juu ya ule mwingine, beti zote, mpaka chumba kikanyamaza.

Ngoma ilikuwa imesimama kitambo. Mulei alirudisha utepe nyuma, akausikiliza. Ulikuwa na wimbo wa kanisa peke yake, safi, sauti ya Ndila. Harufu ilikuwa imekwisha. Kalunde alikuwa akifunga ngoma zake haraka, bila kumtazama mtu.

"Mama Jonah," Mulei aliita, kama mtu aliyeamka.

Ndila alifungua kinywa ajibu. Sauti iliyotoka ilikuwa na mkwaruzo. Ilimjibu mumewe kwa upole, ikamwita jina ambalo Ndila hakuwahi kulisikia, na Mulei akatabasamu, akanyoosha mkono.

Hapo Ndila akapiga kelele. Kelele ikatokea kwenye mashine, ndogo na ya mbali, ikaendelea mpaka Mulei alipoinama na kuizima.