Kichupa Namba Thelathini na Moja

Friza ilikuwa imefungwa vizuri. Ndani, rafu ya kati ilikuwa tupu.

"Vilikuwa hapa," alisema Dkt. Kirezi. "Vichupa sitini na vinne. Ngozi na kinyesi cha nyangumi. Miaka tisa ya kazi, Afande."

Inspekta Winifred Mutabazi alidhani hakusikia sawasawa. "Kinyesi?"

"Ndiyo. Ukitaka kujua mnyama amekula nini, unaangalia anachoacha."

Ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, saa saba mchana. Maabara ilikuwa ghorofa ya kwanza ya kituo kimoja cha utafiti, hatua chache kutoka makutano ya barabara ya Sonatubes. Asubuhi watu wote walikuwa kwenye umuganda, kazi ya pamoja ya mtaa ya kila mwezi, na mlinzi naye alifunga geti akaenda kuchimba mitaro pamoja na majirani. Dkt. Kirezi aliporudi adhuhuri, alikuta rafu tupu.

Inspekta alikagua mlango. Kitasa hakikuguswa na bisibisi wala nyundo. Mtu alitumia ufunguo.

"Nani wana funguo?"

"Mimi. Fundi wangu wa maabara, Eustache. Na meneja wa kituo, Bwana Ngabo."

"Na vichupa hivi vina thamani gani sokoni?"

"Hakuna atakayevinunua. Lakini Jumatatu wanakuja wataalamu kutoka nje kuvipima upya, kuthibitisha matokeo yangu. Bila vichupa, nina maneno matupu."

Dkt. Kirezi alikuwa na miaka hamsini na miwili. Alizaliwa Tanga, kwa wazazi waliokimbilia huko, na nyangumi wa kwanza alimwona akiwa na miaka kumi, amekufa ufukweni. Watu walikuwa wakipima urefu wake kwa hatua. Yeye aliuliza alikuwa anakula nini, na hakuna mtu mzima aliyejua. Sasa kila mwaka alishuka pwani ya Mtwara kwa miezi mitatu. Nyangumi wanapokuja kuzalia huko hukaa na njaa, ndivyo vitabu vinavyosema. Wanaishi kwa mafuta ya uduvi waliokula kwenye bahari za baridi, kusini kabisa. Wanajisaidia kwa nadra. Wakijisaidia, uchafu huelea dakika chache kisha unazama. Dkt. Kirezi alikuwa akijitupa majini na wavu wa kitambaa kabla haujazama.

"Siku moja tulisubiri muda wa saa kumi na moja juani," alisema. "Nikapata kijiko kimoja. Nililia kwa furaha."

Inspekta alimtazama mama huyu mwembamba, mikono bado ina udongo wa umuganda, akajikuta ameacha kuandika.

Ngabo aliitwa kwanza. Alikuja na viatu vya mpira vyenye matope.

"Inasemekana hukuipenda kazi ya Dokta."

"Nilisema wazi. Nchi haina bahari. Ile nafasi tungewawekea watu wanaochunguza samaki wa Ziwa Kivu."

"Ulikuwa wapi asubuhi yote?"

"Mtaani kwangu, Gitega, tangu umuganda uanze. Ndimi niliyeongoza na mkutano wa baadaye. Uliza kijiji kizima." Akanyoosha simu yenye picha. "Afande, mimi nilitaka friza. Ningeiba friza. Hicho kinyesi nikipeleke wapi?"

Picha zilikuwa na saa, tangu asubuhi hadi adhuhuri. Wanakijiji wawili walithibitisha kwa simu. Ngabo aliruhusiwa kwenda.

Inspekta alirudi kwenye friza. Ilikuwa na king'ora kinachopiga simu ya Dokta joto likipanda, na kifaa chake kiliweka kumbukumbu. King'ora kilizimwa saa tatu na dakika kumi. Kiliwashwa tena saa tatu na dakika ishirini na mbili.

"Mwizi anazima king'ora, naelewa," alisema. "Kwa nini akiwashe tena?"

Dkt. Kirezi alitazama rafu za chini. "Ili vilivyobaki visiharibike."

"Kuna kingine kilichopotea?"

Dokta alifungua sanduku kubwa pembeni. "Barafu kavu. Karibu nusu. Na koola ya buluu, ile ya kubebea sampuli."

"Basi huyu hakuja kuharibu. Amevifungasha kama wewe ungevifungasha." Inspekta alifunga daftari. "Eustache yuko wapi?"

"Simu yake imezimwa." Sauti ya Dokta ilishuka. "Oya, hapana, Afande. Eustache yuko nami miaka saba."

Asubuhi ya umuganda pikipiki hazibebi abiria hadi saa tano. Aliyetoka na mzigo mapema alilazimika kungoja mahali. Inspekta aliteremka hadi kwenye kijiwe cha madereva wa moto, pikipiki za abiria, akauliza mmoja mmoja. Wa sita aliitwa Iteka, kijana aliyekulia Bujumbura.

"Koola ya buluu? Iko mutu nilibeba, Afande. Arikuwa ananingoja hapa tangu mbele ya saa tano, kwa kivuli. Nilimwambia aweke koola kati yetu, akakataa. Ameikumbatia kama mutoto."

"Mlizungumza?"

"Kila tuta anasema, buhoro, buhoro, polepole. Nikamuuliza, muzee, umebeba mayai? Anaikumbatia zaidi."

"Ulimshusha wapi?"

"Masaka, kule mwisho wa muji. Kwa duka ya mama mumoja anauza samaki ya friza na maziwa."

Inspekta alimchukua Dkt. Kirezi ili aje kutambua mali yake. Duka lilikuwa kando ya shamba dogo la mahindi, na mwenyewe, Béatha, alikuwa dada yake Eustache. Alipoona kitambulisho cha polisi alishika kifua.

"Mana yanjye, Mungu wangu! Kaka yangu amefanya nini?"

"Fungua friza, mama."

Koola ya buluu ilikuwa sakafuni, tupu. Chini ya mifuko ya sangara kulikuwa na sanduku jeupe la vichupa, limezungushiwa utepe wa gundi, na kipimajoto kimebandikwa juu. Kilisoma nyuzi ishirini na mbili chini ya sifuri. Kando yake kulikuwa na karatasi yenye saa na namba: Eustache alikuwa akisoma joto kila nusu saa.

Alitokea mlango wa nyuma mwenyewe. Mwanamume wa miaka arobaini, shati limelowa jasho. Alimwona Dokta, akakaa chini sakafuni.

"Ni wewe uliyevichukua?" aliuliza Inspekta.

"Ni mimi."

"Nani amekutuma?"

"Hakuna."

"Basi kwa nini?"

Eustache alimgeukia Dokta. "Namba thelathini na moja. Ilinivunjikia."

Dkt. Kirezi hakutikisika. "Lini?"

"Miaka miwili iliyopita, mwezi wa tatu. Nilikuwa nimepanga meza moja na dagaa wetu, wale wa kulinganishia. Kichupa kikadondoka juu yao, vyote vikamwagika. Nilizoa nilichoweza, nikatia kwenye kichupa kipya, nikaandika namba ileile."

Namba thelathini na moja ndiyo iliyokutwa na chembechembe za dagaa wa pwani. Kwa ajili yake Dkt. Kirezi aliuandikia ulimwengu kwamba si nyangumi wote wanaofunga wakiwa pwani yetu. Kwamba mmoja, angalau, alikula.

"Ulipotoka na matokeo ulikuwa unacheka," alisema Eustache, na machozi yakaanza. "Ulinikumbatia. Ningesemaje? Nilisema nitakuambia kesho. Halafu ukaandika. Halafu wakaandika magazeti. Jumatatu wangepima, wangeona, wangekuita mwongo wewe. Nilitaka kukitupa hicho kimoja, lakini ungejua. Nikachukua vyote. Kuviharibu nikashindwa, Dokta. Nilikuona ukiingia majini."

Inspekta alingoja hasira. Kwa miaka kumi na tisa ya kazi alikuwa ameona watu wakirushiana makosa kama kaa la moto.

Dkt. Kirezi alichukua daftari lake. "Vingine ulivigusa?"

"Hapana."

"Siku ile, ulivaa glavu mpya?"

"Ndiyo."

Aliandika yote, polepole. Kisha akapiga simu kwa wageni wake. Alizungumza Kiingereza, lakini Inspekta, aliyelelewa Kampala, alielewa kila neno. Alisema kosa limetokea ndani ya maabara yake, na matokeo yale yafutwe. Jina la Eustache hakulitaja.

"Afande," alisema alipomaliza, "kisheria lazima umchukue?"

"Lazima."

"Basi andika kwamba vichupa vyote vimerudi vizima. Nitakuja kusema hivyo mahakamani mwenyewe."

Eustache alipanda gari la polisi bila pingu.

Jumatatu Inspekta Mutabazi alikuwa na kesi nyingine saa nne, lakini saa mbili alipitia kituo cha utafiti, akaketi kiti cha nyuma ukumbini. Wataalamu walijaa. Ngabo alisimama mlangoni, mikono kifuani. Dkt. Kirezi alipanda jukwaani bila karatasi.

"Nitaanza na kichupa ambacho hampaswi kukiamini," alisema. "Nilikiamini kwa sababu kilinipa jibu nililolitaka. Kisha nitawaonyesha vingine sitini na vitatu, na mtanisaidia kuona vinasema nini."

Ngabo alishusha mikono. Akaingia ndani, akatafuta kiti.

Inspekta aliangalia saa yake, akazima simu, akabaki.