Shernelle Anamjibia Mdogo Wake

Kila asubuhi Shernelle alichemsha chai ya kakao, akamvalisha mdogo wake Jovan sare, wakateremka mlima kwenda shule. Mama yao alifanya kazi hotelini katika mji wa Castries, upande wa pili wa kisiwa chao, nao walilelewa na nyanya yao, Bibi Philo. Njiani, Jovan akisema neno, watu walimgeukia Shernelle. "Anasemaje huyu?" Naye akawafasiria. Jovan alikuwa na miaka sita, na maneno yake yalitoka nusunusu, hata kwa Krioli, lugha ya nyumbani. Kufikia jioni Shernelle alikuwa hoi, kama mtu aliyesemea vinywa viwili kutwa nzima.

Mwalimu alishauri Jovan apelekwe kituo cha afya kwa Bi Alleyne, tabibu wa usemi. Miguu ya Bibi ilikuwa inamuuma, akamtuma Shernelle. Bi Alleyne alikuwa mwenyeji wa Barbados, kisiwa kingine, hakujua Krioli, hivyo Shernelle akawa mkalimani. Jovan alionyeshwa picha, akazitaja kwa maneno yaliyovunjika. Dada yake akayafikisha kwa Kiingereza yakiwa mazima. Mwishowe Bi Alleyne akauliza kama kwa Krioli mtoto anasema sawa na wenzake.

Shernelle aliwakumbuka wanafunzi wa shuleni waliowacheka yeye na Jovan, wakidai watoto wa nyumba yao huzaliwa na ndimi za mbao.

"Anasema vizuri," akajibu. "Kiingereza tu ndicho hajakizoea."

Bi Alleyne akasema kujifunza lugha ya pili si ugonjwa, akawaruhusu waende.

Baada ya majuma machache Jovan alibaki nyumbani akilia. Bibi alidhani ni tumbo, akamnywesha maji ya majani machungu. Mtoto akasema, akarudia, Bibi asielewe. Akamwongezea kikombe kingine. Shernelle aliporudi kutoka shule alimkuta amelala, uso umeelekea ukutani, shavu limevimba. Lilikuwa jino. Alimwuliza kwa nini hakusema. Jovan alifumba macho tu. Alikuwa amechoka kusema.

Usiku ule Shernelle alimweleza Bibi yote aliyomficha Bi Alleyne, machozi yakimtoka. Bibi alimfuta machozi.

"Jino litang'olewa kesho," akasema. "Halafu tutarudi kwa yule mama, nami nitakuja, hata kama ni kwa kujikokota."

Safari hii Bibi mwenyewe aliulizwa, na muuguzi anayejua Krioli akafasiri kila sauti kama ilivyotoka. Ikaonekana Jovan huangusha sauti zilezile katika lugha zote mbili. Bi Alleyne akampa mazoezi, na akataka yaanzie kwa Krioli, lugha anayoitumia akicheza.

Shernelle aliomba radhi.

"Nami nilikutwika mzigo wa mtu mzima," Bi Alleyne akasema. "Lakini sikiliza, mwanangu. Ungeniambia anavyosema hasa, ningemsaidia siku ile. Ulipomtengenezea maneno, ulinifichia palipomuuma."

Mazoezi yalikuwa ya polepole, na siku nyingine Jovan aliyakataa. Hata hivyo, mvua za mwisho wa mwaka zilipoanza, alimwomba Bibi kipande cha shelisheli la kuchoma, na Bibi akampa bila kuuliza mara ya pili.

Shernelle alikuwa ameketi kizingitini, wala hakuhitajika kufasiri.

"Pumzika, mjukuu wangu," Bibi akamwambia. "Umpendaye usimfichie udhaifu wake mbele ya anayeweza kumponya. Aibu ya siku moja ni nyepesi kuliko maumivu aliyoyapata huyu."