Alama za Bangili

Kila Jumamosi, chai ikishanywewa na vyombo kuoshwa, Spoku alimfuata mjomba wake kwenye banda la nyuma ya nyumba. Jina la Spoku alibandikwa na mjomba mwenyewe kwa sababu ya ile miguu yake myembamba kama spoku za gurudumu la baiskeli, likamganda hata mama yake akachoka kulikasirikia.

Mjomba alikuwa seremala. Siku za kazi alitengeneza vitanda na milango ya watu, lakini moyo wake ulikuwa kwenye baiskeli kuukuu, zile nzito zenye usukani mpana na kiti cha springi. Alizitoa kutu, akazipaka rangi, akazifungia taa na vikapu, na zilipotoka bandani wapita njia waligeuza shingo. "Wenzangu hucheza karata," alikuwa akisema, "mimi nacheza na kutu."

Katika mchezo huo alikuwa na sharti moja lisilo na mzaha. Baiskeli ikiletwa, kabla hajaigusa, alimpa mwenye baiskeli kipande cha chaki azungushie kila asichotaka kiguswe. Mmoja angezungushia kengele iliyobonyea, mwingine kiti kilichochakaa. Mjomba hakuuliza kwa nini. Mwenye kitu ndiye ajuaye uchungu wake.

Jumamosi moja alifika jirani yao, Bi Mkunga, akikokota baiskeli ya marehemu mumewe. Mama huyo alikuwa amestaafu, lakini nusu ya watoto wa mtaa ule walipita mikononi mwake, Spoku akiwemo.

"Shikamoo, bibi," Spoku alisema.

"Marahaba, mjukuu wangu. Mbona hivyo? Mimi nilikukabidhi kwa mama yako una mashavu. Umeyapeleka wapi?"

Spoku alicheka, akaishika baiskeli isianguke. Bi Mkunga akaanza kuizunguka na chaki yake. Mjomba alikuwa tayari na sanduku la vifaa begani, maana kulikuwa na mteja ambaye mlango wake ulikuwa umegoma kufunguka.

"Spoku, leo fremu ni yako," alisema akiondoka. "Ufute vumbi, upige msasa. Chaki ndiyo bosi wako."

Hapo Spoku alijiona amekua. Miaka yote kazi yake ilikuwa kuosha minyororo kwa mafuta ya taa, na leo amepewa fremu nzima. Bi Mkunga alipoaga tu, alichovya kitambaa kwenye ndoo na kuanza kufuta kwa nguvu zote, huku akiimba. Alipokuja kusimama na kuitazama kazi yake, aliukatiza wimbo. Chaki ilikuwa imekwenda na maji. Vumbi hufutwa kwa kitambaa kikavu. Hilo alilijua vizuri, ila furaha ilimpumbaza.

Alijaribu kukumbuka. Kengele, ndiyo. Kiti, ndiyo. Je, upande ule wa pili, ambao yeye hakuuona? Nyumba ya Bi Mkunga ilikuwa ng'ambo ya uzio, na sauti ya ufagio wake ilisikika waziwazi. Ilikuwa kuvuka tu na kumwambia, "Bibi, nimefuta chaki, naomba uweke tena." Lakini angesemaje kwamba siku ya kwanza kuaminiwa ndiyo siku ya kwanza kuharibu? Mjomba angemrudisha kwenye minyororo. Kwa hiyo alinyamaza, akachukua msasa.

Kwenye bomba la juu la fremu, karibu na usukani, rangi ilikuwa imekwaruzwa vimistari vingi vyembamba vilivyopindana. Spoku aliviona vinachukiza. Akavisugua mpaka chuma kikawa laini.

"Uliifuata chaki?" Mjomba aliuliza aliporudi.

"Ndiyo, mjomba."

Rangi ya buluu ikapakwa, na ikapendeza kwelikweli. Spoku hakuweza kuifurahia. Wiki nzima chakula kilimshinda, na kila aliposikia ufagio ng'ambo ya uzio alihisi unamfagia yeye.

Jumamosi iliyofuata Bi Mkunga alikuja na khanga mpya, na mkononi bangili ya shaba. Aliisifu baiskeli, akapiga kengele, akatabasamu. Kisha akainama karibu na usukani. Alipapasa bomba lile kwa vidole, akarudia.

"Hapa palikuwa na alama zangu," alisema taratibu. "Marehemu alikuwa akinipakia hapa mbele kunipeleka kazini. Nilikuwa nashika hapa, na bangili hii ikikwaruza rangi njia nzima. Alinitania kwamba ninamlia rangi ya baiskeli yake. Nilidhani nimepazungushia chaki."

Mjomba alimgeukia Spoku, kisha akamgeukia mama yule. "Huenda ulipasahau, mama. Huyu aliniambia alifuata chaki yote."

Bi Mkunga alijaribu kucheka. "Basi ni mimi. Uzee huu, mwanangu. Siku hizi nasahau hata nilipoweka ufunguo. Nilifikiri hili nisingelisahau."

Maneno hayo yalimchoma Spoku kuliko kipigo. Alama alikuwa amekwisha kuziondoa. Sasa alikuwa anamwondolea bibi wa watu imani na kichwa chake mwenyewe.

"Hukusahau, bibi," alisema, na machozi yakamtoka. "Chaki ilikuwepo. Niliifuta kwa maji, nikaogopa kuja kukuuliza. Nikamdanganya mjomba. Nisamehe."

Mjomba aliketi juu ya gogo, akavua kofia.

"Siku ile chaki ilipofutika, kosa lako lilikuwa kitambaa chenye maji," alisema. "Lingekwisha kwa chaki nyingine. Kulificha ndiko kulikokula alama za watu, na hakuna rangi ninayoijua ya kuzirudisha."

"Mficha uchi hazai," alisema Bi Mkunga akijifuta macho. "Methali hiyo nimeishi nayo kazini, mjukuu wangu. Anayesema mapema pale panapouma, husaidiwa. Anayeficha, huniita maji yameshamwagika. Lakini umesema, na umenirudishia akili yangu. Nimekusamehe."

Akamwomba Mjomba amsaidie kupanda. Alikaa upande juu ya bomba la mbele, akashika karibu na usukani, Mjomba akaisukuma baiskeli polepole uani. Bangili ikagonga, ikakwaruza. Aliposhuka, kwenye ile buluu mpya palikuwa na mstari mmoja mwembamba.

Spoku aliukimbilia na kuutazama kwa matumaini. "Zitarudi, bibi? Ukipanda kila siku?"

Bi Mkunga alimshika bega. "Huu ni mstari wangu na wewe, na nitautunza. Ile ilikuwa yangu na yeye."

Akaikokota baiskeli yake kwenda nyumbani. Spoku alisimama mlangoni mwa banda mpaka akasikia lango la jirani likifungwa. Kisha akarudi ndani, akaivuta ndoo ya minyororo, akaketi kuosha bila kuambiwa.