Makala ya Kahambu

Kila asubuhi Kahambu alipanga makala yake, yale makaa ya kuuza, mbele ya nyumba ya mbao, huko Munigi, karibu na Goma. Kila asubuhi binti yake Fabiola alivuka njia kwenda kwa jirani, Mama Bibiche. Bibiche hakuwa na mtoto. Alikuwa na rangi za kopo, na ukuta wake ulijaa ndege na maua.

"Mama Bibiche anajua kuchora sana!" Fabiola alisifu hata wakati wa kula.

Kahambu aliona wivu, akasukuma sahani pembeni. Mtoto amzae yeye, sifa ziende ng'ambo ya njia!

Siku moja alichukua kipande cha makala, akachora ng'ombe ukutani, ndani ya nyumba. Fabiola akauegemea ukuta. Ng'ombe mzima akahamia kwenye blauzi. Binti akacheka, mama akanuna.

Madame Valérie, mwalimu, alipokuja kununua makala, alikuta bado amenuna.

"Kuko nini, mama?"

"Mie sina rangi. Bibiche iko nazo zote."

"Lakini weye unauzishaka rangi kila siku, ni makala yako! Batu ba zamani sana, maelfu na maelfu ya miaka, hawakukuwa na duka. Balichora banyama ba pori juu ya mawe, kwa makala na udongo mwekundu. Bengine waliweka mukono kwa jiwe, wakapulizia rangi pembeni. Mukono ukitoka, alama inabaki. Hata leo iko. Kuko mikono ya bakubwa, kuko ya batoto."

"Mbona ng'ombe yangu ya makala inatoka kwa ukuta?"

"Makala kavu haishike muzuri. Twanga, chekecha, changanya na uji muzito wa muhogo. Paka ndani, mvua isifike."

Kahambu akatwanga. Fabiola akachekecha, akasahau kuvuka njia. Kisha mtoto akaweka kiganja ukutani, na mama akapaka rangi pembeni yake kwa kitambaa. Halafu zamu ya mama. Ilipokauka waligusa kwa kidole. Haikutoka.

Jioni Bibiche alikuja kumtafuta mtoto. Alisimama mlangoni, akaitazama ile mikono miwili, ya mama na ya binti. Akauma midomo. Kahambu aliutambua wivu ule, maana alikuwa ameishi nao. Akafurahi. Akafurahi sana, tusidanganyane.

Fabiola alikuwa anamwangalia mama yake.

Kahambu akasogeza bakuli la rangi.

"Ingia, Mama Bibiche," akasema. "Leta mukono."